Kinga bila kinga

Mwaka wa kwanza tulikuwa tunasoma maandishi ya afya yaliyotoka Tanzania, na mwenzetu mmoja akasoma kwa sauti: "Kinga ni bora kuliko tiba." Darasa zima tukacheka. Kwetu Lubumbashi kinga ni baiskeli, basi tulielewa kwamba wagonjwa wanashauriwa kupanda baiskeli badala ya kumeza dawa. Mwalimu alingoja kicheko kiishe, akatueleza kwamba haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Kinga ya pwani imezaliwa na kitenzi kukinga. Kinga yetu ina ndugu zake huku bara: Wabemba wanasema incinga, Warundi wanasema ikinga. Niliandika hayo katika kaye yangu, sikuyafikiria tena mpaka mwaka huu, nilipoibiwa kinga.

Asubuhi ninasoma, mchana ninasahihisha tafsiri katika biro moja ya mjini. Kutoka Kasapa kwenda mjini na kurudi kila siku kwa teksibasi kunakula sehemu kubwa ya mshahara mdogo. Kwa kinga ninalipa jasho tu. Biro ina kiwanja chenye ukuta mrefu, lango la chuma, na zamu anayelinda mchana na usiku. Niliegemeza kinga ukutani nyuma ya jenereta, nikafunga gurudumu na fremu kwa kufuli, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuifungia. Kinga iliyofungwa hivyo haipandiki, lakini inabebeka begani kama mbuzi. Jioni nilikuta alama ya magurudumu katika vumbi, basi.

"Papa, kinga yangu iko wapi?" nilimuuliza zamu.

"Mwana, miye bananilipaka juu ya kuchunga mamotokari. Kinga haiko mu kaye."

Sikumkasirikia. Alinionyesha kaye yenyewe: namba ya motokari, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mzee huyu anaweza kukuambia motokari ya mhasibu ilitoka saa ngapi Jumanne iliyopita. Nilikwenda kwa patroni. Yeye alinijibu kwa Kifaransa kizuri kwamba parkingi ni ya magari, halafu akaongeza kwamba msomi hafiki kazini kama muuza makala. La kwanza ningeweza kulivumilia.

Wauza makala wanaingia Lubumbashi alfajiri, magunia yamepita kichwa cha msukumaji, na jikoni mwa patroni huyo huyo kuna makala yaliyofika mjini kwa njia hiyo. Kisangani watu wamekuwa wakipanda toleka kama teksi. Goma wamesimamisha sanamu ya chukudu katikati ya mzunguko wa barabara, na chukudu ni mbao tupu zenye magurudumu mawili. Babu yangu alinunua kinga alipokuwa mfanyakazi wa Union Minière. Ililala ndani ya nyumba, karibu na kitanda chake, na sisi wajukuu tulikatazwa hata kugusa kengele. Wakati ule aliyekuja kazini na kinga alikuwa mtu. Sijui ni siku gani hasa heshima ile ilihamia kwenye motokari, lakini neno parkingi lilihama nayo. Maana yake ni mahali pa kuweka chombo. Sisi tumeibana mpaka imebaki mahali pa kuweka chombo cha mkubwa.

Kinachohitajika ni kidogo, karibu niseme cha kuchekesha. Bomba la chuma lililokunjwa kama U, likageuzwa kichwa chini, miguu yake miwili ikazikwa katika saruji. Kila upande inasimama kinga moja, na kufuli linashika fremu, si gurudumu peke yake. Vile vyuma vya kubana gurudumu la mbele, ambavyo baadhi ya maduka yanavyo, havifai: mwizi anafungua nati, anakuachia gurudumu na kuondoka na kinga. Bomba liwe mbele ya macho ya zamu, si nyuma ya jenereta, na juu yake bati, kwa sababu mvua zetu za Desemba zinajulikana. Mahali pa motokari moja panatosha kinga kama kumi. Fundi wa kuchomelea anaimaliza kazi hiyo katika siku moja au mbili.

Lakini bomba bila kaye halitoshi. Zamu lazima apewe amri ya kuandika kinga kama anavyoandika motokari, na kutoa kijikaratasi chenye namba. Kazi hiyo ilipwe na biro. Tukimwachia kila mwenye kinga amlipe zamu chini chini, tutakuwa tumezaa mlango mwingine wa matabishi, na milango ya namna hiyo tunayo tayari ya kutosha.

Tumeandika barua, watu watano: mimi, mpishi, mtumwa-barua na wafagiaji wawili. Mpishi hakutaka neno parkingi liwemo, akasema litamkasirisha patroni, tuandike "mahali pa kusimamisha kinga". Nilibishana naye kidogo kama mwanaisimu, halafu nikakubali. Barua iko mezani kwa patroni tangu Jumatatu. Kwa sasa ninatoka Kasapa kwa miguu, na nikifika langoni zamu ananisalimia, kisha anatazama pembeni.