Tuzikeni Tuote: Ilani ya Makaburi ya Miti

Ndugu zetu wa bara na pwani, mlio hai na mnaojua kwamba mtakufa: enzi mpya imeingia, nasi tumesimama kuitangaza.

Enzi ya kaburi la saruji imekwisha. Haikupinduliwa na mtu, ilijaa. Makaburi ya Lang'ata jijini Nairobi yalitangazwa kujaa tangu miaka ya 1990, na bado wafu wanapelekwa palepale, wakibanwa kati ya waliotangulia, kwa kuwa jiji halijawapatia pengine. Baraza la Jiji lilipotafuta ardhi mpya lililipa shilingi milioni 283 kwa ekari 120 kule Mavoko, na ardhi hiyo ikaonekana ni mwamba, jembe haliingii. Hatukuja kuushtaki utaratibu huo. Umekwisha kujihukumu. Tumekuja kusema kinachofuata.

Tunaamini kwamba mwili wa binadamu una miadi na udongo, na kwamba hakuna mwenye haki ya kuivunja miadi hiyo. Tunaamini kwamba palipozikwa mtu pasimame mti: mti wa asili, wenye jina lake, usioguswa na shoka. Tunaamini kwamba makaburi elfu ya namna hiyo ni msitu, na kwamba mnyakuzi wa ardhi ataufikia msitu huo akitetemeka.

Tunaamini kwamba jambo hili ni letu tangu kale. Nendeni Kwale na Kilifi mkaione misitu ya kaya za Wamijikenda. Ndani ya misitu ile wazee waliishi, wakaomba, wakazikwa. Watu wakahamia nje, makaburi yakabaki, na kwa sababu makaburi yalibaki, miti haikuguswa. Pembeni kumefyekwa kwa mashamba, kwa machimbo, kwa mahoteli, kaya zimesimama. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wazee hawakungoja wino huo ndipo wajue wanalinda nini.

Hapa ndipo ulipo moyo wa ilani hii, ndugu, na tunaomba pasisomwe kwa haraka. Wako wafanyabiashara wanaotangaza kwamba mwili wa mtu ni mbolea ya ajabu, kwamba baba yako atageuka mwembe. Sisi hatusemi hivyo. Mwili una naitrojeni, una fosforasi, una kalisi, na mizizi itavipokea; lakini kikapu cha samadi nacho kinavyo. Ambacho samadi haina ni jina. Mti wa kawaida katika nchi hii unapangiwa bei tangu unapochipua: huu gunia la mkaa, huu mbao, huu nguzo ya ua. Mti ulioota pale alipolala nyanya yako hauna bei. Hutaukata wewe, hataukata mwanao, na mjukuu atakayeinua panga atakabiliana na ukoo mzima. Ulinzi huo ndio tunaoutafuta. Serikali imeahidi miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tunaiunga mkono kwa mikono miwili. Tunauliza tu ni nani atakayelala pale usiku, wapiga picha wakishaondoka. Wafu wetu watalala pale.

Tunakataa jeneza la mkangazi. Mti ulioishi miaka mingi kuliko marehemu mwenyewe unaangushwa, unapakwa vanishi, unatiwa vishikio vinavyometameta, unatazamwa asubuhi moja, unafukiwa. Tunakataa formalini inayodungwa mishipani ili maiti angoje wiki tatu kamati ya mazishi ikamilishe mchango. Kemikali hiyo inajulikana kuleta saratani kwa wanaoivuta kazini, na wanaoivuta ni wale vijana wa mochari ambao hakuna kamati inayowachangia. Tunakataa saruji chini na vigae juu, ngome ya kumzuia mtu asirudi alikotoka. Tunakataa mashindano ya mahema na spika, ambayo mjane huamka baada yake akiwa na deni na sufuria za kuazima. Tusiendelee, mnayajua.

Tunaamini kwamba aliyetutangulia tunamfahamu. Wangari Maathai alianza kupanda miti tarehe 5 Juni 1977 kwa miche saba pale Kamukunji. Mwaka 1989 alikabiliana na jumba la ghorofa 60 lililotaka kumeza bustani ya Uhuru Park, na jumba halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa hadi damu akiutetea msitu wa Karura, na Karura ipo, kaitembeeni. Alipofariki tarehe 25 Septemba 2011 aliacha agizo: asizikwe katika jeneza la mbao, usije ukakatwa mti kwa ajili yake. Basi mafundi wakamsukia jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Yafikirieni magugu maji hayo, ndugu! Gugu lilelile linaloziba Ziwa Victoria na kuwafungia wavuvi wa Kisumu njia, likapewa heshima ya kumbeba mshindi wa Nobeli katika mazishi ya kitaifa. Nchi nzima ilitazama, na hakuna aliyeweza kusema kwamba mama yule alizikwa kimaskini.

Mwili wake ulichomwa katika tanuri la Kariokor, kama alivyotaka. Katika moto hatumfuati sote, na tunasema wazi: tanuri hula kuni au mafuta, na moshi wake hauendi mbinguni peke yake. Atakayechagua moto ni ndugu yetu, na majivu yake tutayapokea. Lakini agizo lile la jeneza tumelirithi kama amri.

Tunakataa kwamba mtu hana neno juu ya mwili wake mwenyewe. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mahakama zikasikiliza, zikaamua, zikakatiwa rufaa, na maiti akakaa mochari hadi Mei 1987 alipozikwa Nyalgunga, Siaya. Hatufukui kesi ya watu. Wala hatuudharau ukoo, maana ukoo ndio utakaoulinda mti wetu. Tunasema tu kwamba miezi mitano ndani ya friji ni fundisho lililotosha taifa zima. Tunadai sheria itakayolipa nguvu agizo la mazishi lililoandikwa na mtu mwenye akili timamu mbele ya mashahidi wawili, ili asije jaji yeyote tena kuulizwa marehemu alipenda nini ilhali marehemu alikwisha kusema.

Tunaamini kwamba hakuna msikiti wala kanisa litakalofungiwa mlango na harakati hii. Ndugu Waislamu hatuna cha kuwafundisha: wanazika mapema, kwa sanda, ndani ya mwanandani, mwili ukigusana na ardhi. Kuchoma maiti kwao ni haramu, na hatumwombi yeyote achomwe. Tunawaomba waongeze mti tu, na hata hilo lina kumbukumbu yake: imepokewa na Bukhari kwamba Mtume alipasua kuti bichi la mtende vipande viwili, akakichomeka kila kimoja juu ya kaburi. Ndugu Wakristo, nanyi mna Askofu Mkuu Desmond Tutu. Alipofariki Desemba 2021 alikuwa ameagiza jeneza la bei nafuu kuliko yote na mwili wake uyeyushwe kwa maji badala ya kuchomwa kwa moto. Mshindi mwingine wa Nobeli, Mwafrika mwingine, agizo lilelile la unyenyekevu. Padri atakayeliita jambo hili upagani atuambie kwanza majivu ya Jumatano ile yanamaanisha nini.

Dunia nayo imeanza kuamka. Carlisle, Uingereza, walifungua makaburi ya msituni mwaka 1993. Ujerumani walianza mwaka 2001 katika msitu wa Reinhardswald, majivu yakizikwa kwenye mizizi ya miti mikubwa. Jimbo la Washington huko Marekani likapitisha mwaka 2019 sheria ya kwanza nchini humo ya kuruhusu mwili ugeuzwe mboji. Na Waitalia wamebuni yai la kuzikia, Capsula Mundi, linalooza ardhini na kupandiwa mti juu yake. Ni zuri kwa macho. Lakini mkeka wa ukindu hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ya mkeka.

Tunaamini katika kaburi linalofanya kazi, kwa hiyo tunasema namna litakavyochimbwa. Kina kiwe mita moja hivi, si futi sita, kwa sababu udongo wa juu ndio wenye hewa na wadudu na kuvu. Kule chini kabisa mwili hukaa muda mrefu bila kuoza vizuri. Chini itandazwe taka ya majani na vipande vya matawi, mwili ulale ndani ya sanda ya pamba au mkeka, kisha majani tena, kisha udongo wote urudishwe na uinuliwe tuta, maana utashuka. Mche usipandwe siku hiyo juu ya kifua cha marehemu, hata familia ikilia. Mwili unapooza hutoa chumvi na amonia zinazounguza mizizi michanga. Upandwe pembeni, upande wa kichwani, au kungojwe mvua za msimu unaofuata, na kungoja huko kuwe ndiko matanga yetu. Aliyechomwa naye ana kanuni yake: majivu ni makali, yana chumvi na magadi, yakimwagwa yote kwa mkupuo mche hufa. Yachanganywe na mboji na udongo mwingi, yapewe muda. Makaburi yawe mbali na visima na mito, na aliyekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza azikwe watakavyoelekeza maafisa wa afya. Hatutafuti uzima wa mti kwa kuwaua majirani.

Tunakataa kusikia kwamba kaburi lisilo na jiwe limepotea. Kila mti utaandikwa katika daftari la kaunti, na nakala itabaki kwa familia: jina, tarehe, aina ya mti, mahali penyewe kwa vipimo vya setelaiti. Waulizeni waliozika Lang'ata miaka thelathini iliyopita kama bado wanayaona makaburi yao.

Tunaamini katika nchi inayokuja, na tunaiona. Tunaona kila moja ya kaunti 47 ikiwa na msitu wa wazee wake, uliotengwa kwa sheria, na hati yake ikiwa na maneno ambayo hakuna waziri anayeweza kuyafuta: hapa wamelala watu. Tunaona vilima vya Machakos vilivyovuliwa nguo na mkaa vikivaa tena. Tunaona mgunga ukitoboa hata nyufa za mwamba wa Mavoko, mahali pesa zetu zilikokwenda kufa, na ardhi ile ikitupa hatimaye kitu tulichoilipia. Tunaona mizinga ya nyuki juu na hondohondo wakipigiana kelele, na watoto wa shule wakipanda mkwaju wa mwalimu wao wa zamani kuiba ukwaju, na mwalimu hana la kusema. Tunaona mama akija Jumamosi bila shada la maua ya plastiki, amebeba dumu la maji, kwa kuwa mumewe ana kiu mwezi wa Februari na yeye anajua. Tunaona wageni wakiuliza bei ya kiwanja pale na kuambiwa kwamba ni cha watu. Tunaona chemchemi. Kwa aliyekulia ukame hatuhitaji kueleza zaidi.

Tunaamini kwamba hayo yataanza na sisi, maskini kwa matajiri, kwa sababu kifo ni mkutano ambao wote tumealikwa. Hatungoji wafadhili. Kaunti zitenge ardhi. Zisipotenga, ziko ekari za koo, ziko za parokia, ziko za wakfu, na ziko za watu waliochoka kuziona zikigawanywa vipande vya futi hamsini kwa mia. Vitalu vya miche vifunguliwe sasa, maana mche wa kaburi uanze kulelewa mtu angali hai, na ikiwezekana aumwagilie yeye mwenyewe. Tutawacheka watakaotuambia kwamba huko ni kujitakia kifo. Hakuna aliyekufa kwa kumwagilia mti.

Kujiunga nasi ni kuandika karatasi moja: jina lako, mashahidi wako wawili, maneno kwamba hutaki mbao, formalini wala saruji, na mti unaoutaka. Wape nakala wale watakaokulilia siku ya mazishi, hasa yule mjomba anayependa kuongoza kamati. Sisi tulioweka saini tumekwisha kuitaja yetu: wa Kilifi mbambakofi, wa Lamu mbuyu, wa Garissa mgunga, wa Nyeri mugumo, wa Busia mvule, na mwenzetu mmoja wa Homa Bay ambaye amebishana nasi usiku kucha na kushinda, mkuyu, ufukweni kabisa. Mkaratusi haupokelewi. Unakunywa maji ya walio hai.