Nyimbo hizi zapendwa, wala si 'zilizopendwa'

Neno 'zilizopendwa' limezoeleka mno katika redio zetu hata hakuna asitaye kulitamka. Mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha sarufi nalitilia shaka. Kiambishi '-li-' chatuambia kwamba tendo la kupenda lilikwisha, na kauli ya kutendwa yamficha mpenzi mwenyewe. Kwa neno moja tu tumeyazika mapenzi ambayo hayajafa.

Mwaka 2018 nilihudhuria dansi la Msondo Ngoma jijini Dar es Salaam. Bendi hiyo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi. Kila chama kilipobadili jina nayo ilibadili, ikawa JUWATA, kisha OTTU. Asiyeijua angedhani anakwenda kutazama masalio. La hasha! Wapuliza tarumbeta na saksafoni walitulia wakati wa beti, kisha wimbo ulipoingia ile sehemu iitwayo chemko, wakainuka kama vijana waliotoka jandoni jana. Magitaa yakajibizana, watu wakafurika uwanjani, waimbaji wakatunzwa noti hadi zikawadondoka vipajini. Kando yangu binti mmoja, ambaye bila shaka hakuwa amezaliwa nyimbo zile ziliporekodiwa, aliziimba beti zote bila kukosea neno, huku akicheka. Mafumbo ambayo mimi huyafundisha kwa chaki na jasho, yeye aliyapata pasi na mwalimu. Je, huyo naye tumwambie kwamba anapenda kilichopendwa?

Huenda msomaji akauliza: iweje bendi idumu zaidi ya miaka hamsini ilhali vigogo wake wametutoka? TX Moshi William alifariki mwaka 2006, Muhidin Gurumo akamfuata mwaka 2014, na muziki haukunyamaza. Jibu, kwa maoni yangu, limo katika asili yake. Wanamuziki wale waliajiriwa, wakalipwa mshahara, na ala hazikuwa mali ya mtu mmoja. Alipoondoka huyu, nafasi yake ilijazwa na mwingine. Hata bendi ilipokuja kujitegemea, desturi ya mzee kumpokeza kijana ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Hebu tujitazame nasi. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliunda Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971, na Afrika Mashariki ikacheza. George alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, na bendi nayo ikazimika. Hatukukosa vipaji katu. Tulikosa nyumba ya kuvihifadhi. Bendi ilikuwa ya mwenyewe, basi ikaenda na mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina fedha za kuchezea dansi. Hoja hiyo ina uzito, wala siibezi. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Kumwalika mwanamuziki siku ya sherehe na kumsahau kesho yake si kutimiza wajibu huo. Kaunti iwezayo na iwe na bendi moja tu, yenye ala za umma na mshahara usiochelewa, na kando ya kila mzee aketi kijana anayejifunza. Gharama yake haiwezi kuifilisi kaunti yoyote, na faida yake ni vijana wenye kazi, wazee wasioombaomba, na Kiswahili kinachoimbwa badala ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani.

Tukishafanya hivyo, hapatakuwa na haja ya neno 'zilizopendwa'. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema alitunzwa.