Yatima Hahitaji Radi

Wako walimu wenzetu wanaoisifu hadithi ya Billy Batson, iliyotolewa kwa picha huko Marekani na kampuni ya Fawcett katika toleo la Februari 1940. Wasema yawapa yatima tumaini. Mimi nakataa.

Mtoto huyo aliuza magazeti, akilala katika stesheni ya treni zipitazo chini ya ardhi. Mchawi mzee akampa neno moja, “Shazam”. Radi ikapiga, naye akawa mtu mzima mwenye nguvu zipitazo za wanadamu.

Wasomaji hushangilia radi. Ni nani aulizaye sababu ya kulala huko? Hadithi yenyewe yasema: baba yake alipokufa, ami yake alimfukuza nyumbani ili atwae mali aliyoachiwa. Huyo si zimwi. Ni ndugu wa damu, na wa namna yake hawakosi mitaani mwetu.

Basi kosa ndilo hili: mtoto ageuzwa mtu mzima kwa kuwa watu wazima wameikimbia kazi yao. Yatima hahitaji neno la uchawi. Ahitaji chakula, kitanda, daftari, na mtu wa kumlindia urithi wake. Hayo twayaweza leo, pasipo kungoja radi.