Uvira: Ndagala isiishie sokoni tu

Asubuhi kule Kalundu, mitumbwi ikifika, mabeseni ya ndagala yanapakuliwa mbio mbio. Nyingi zinakaushwa na kupandishwa Bukavu. Mama mwenye mimba aliyezianika anarudi nyumbani kula bugali wa muhogo na sombe.

Watu watasema ni umaskini. Kweli, lakini si umaskini peke yake: hata mukeke ukipikwa nyumbani, kipande kikubwa ni cha baba.

Ndagala inaliwa nzima, pamoja na kichwa na miiba. Ndani yake kuna chuma, vitamini B12 na mafuta ya omega-3, vitu ambavyo ubongo wa mtoto unajengwa navyo tumboni, na tena katika maziwa ya mama. Mfereji ambamo ubongo na uti wa mgongo hutokea hujifunga siku 28 hivi baada ya mimba kutunga. Siku hizo mama wengi hawajajua hata kama wana mimba, sembuse kwenda CPN. Kwa hiyo lengalenga na maharagi, vyenye foleti, vianze mapema.

Vituo vya afya viwaite wanaume pia. Wao ndio wanaoamua beseni lipi liuzwe, na konzi ngapi zibaki jikoni.