Siri ya Mgonjwa na Mitandao Tusiyoimiliki

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo humhimiza mgonjwa kusema. Kuhusu wajibu wa anayesikia, iko kimya. Zama hizi za mitandao ya kijamii zinatutaka tuutafakari wajibu huo.

Mkiwa, mkoani Singida, ni njiapanda: barabara itokayo Itigi huungana hapo na ile ya Dodoma–Singida. Wapitao ni wengi, lakini wenyeji hufahamiana. Tuchukue mfano wa mtoa huduma wa afya aliyekutana na kidonda kisicho cha kawaida, naye bingwa yuko mbali. Anapiga picha, anaiweka mtandaoni na kuandika: “Mama wa miaka 34, mkulima wa alizeti, Mkiwa. Wenzangu, mnaonaje?” Jina hakulitaja. Lakini kijijini, umri, kazi na kanga inayoonekana pembeni mwa picha hutosha kumtambulisha mtu. Nia ilikuwa njema, na huenda majibu yakamponya mgonjwa. Je, akijikuta midomoni mwa majirani, atarudi tena kutibiwa?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwa kawaida inataka ridhaa ya maandishi ya mhusika kabla hazijachakatwa. Lakini picha ikishapakiwa kwenye mtandao mkubwa wa kibiashara, huhifadhiwa ugenini, chini ya masharti yanayoweza kubadilishwa na mmiliki. Twitter iliponunuliwa na Elon Musk mwezi Oktoba 2022, watumiaji hawakuulizwa.

Njia mbadala ipo. Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016, haina mmiliki mmoja wa mtandao wote. Taasisi yoyote yaweza kuendesha seva yake na kujiwekea kanuni, huku wanachama wake wakiwasiliana na walio kwenye seva nyingine, kama barua pepe zinavyovuka kutoka kampuni moja hadi nyingine. Chuo kikuu cha tiba kingeweza kuwa na seva ya namna hiyo kwa elimu ya afya na mijadala ya kitaaluma, bila matangazo ya biashara wala ufuatiliaji wa wasomaji.

Hata hivyo, tusibadilishe mlango tukasahau kufuli. Ujumbe wa faragha katika Mastodon haufichwi kwa msimamizi wa seva, na nakala iliyokwisha kusambaa kwenye seva nyingine huenda isifutike. Kwa hiyo hata huko si mahali pa picha ya mgonjwa.

Nashauri mambo mawili yaende pamoja. Vyuo vyetu vimiliki majukwaa yao ya kuelimisha umma. Na hospitali za rufaa ziwape watoa huduma wa pembezoni njia rasmi na salama ya kumfikia bingwa, kwa ridhaa ya mgonjwa. Katazo pekee litamwacha mhudumu wa Mkiwa mpweke na mgonjwa wake bila msaada. Naye, akishikwa na huruma, ataishika tena simu yake.

Tumemwambia mgonjwa asifiche maradhi. Basi nasi tuwe watu wa kuaminiwa nayo.