Mtoto asife kwa kukosa sindano ya kichaa cha mbwa

Makamanda, leo siandiki kuhusu uchaguzi. Naandika kuhusu ugonjwa ambao dalili zikishaanza, kupona ni kama hakuna: si Bugando, si Muhimbili, si India. Kabla ya dalili, unazuilika kwa sabuni, maji na sindano. Nazungumzia kichaa cha mbwa.

Virusi huingia kwenye jeraha, vikapanda polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Vikishafika, mtoto anaanza kuogopa maji, anachanganyikiwa, na baada ya siku chache tunazika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, meno ya mbwa yanamfikia usoni na kichwani, karibu kabisa na ubongo. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa takriban vifo 1,500 kwa mwaka.

Sasa tuje kwenye siasa, maana hapa siasa ipo. Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe malipo watoto chini ya miaka mitano. Vizuri. Lakini mtoto wa miaka saba anayechunga mbuzi Magu, au anayetembea kwenda shule Sengerema, huyo hayumo. Mzazi analipia chanjo, dozi kwa dozi. Hospitali ya wilaya ikiishiwa, anaambiwa aende mjini. Kwa anayeishi Ukerewe au Kome, hiyo ni nauli ya kivuko, nauli ya daladala, na pa kulala, halafu zidisha kwa idadi ya dozi. Hela ikikata kabla ya dozi kwisha, familia inabaki kumwachia Mungu.

Kuna watu watasema mtoto ni jukumu la mzazi. Sawa. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa mtoto haki ya matibabu, chanjo ikiwemo. Mimi nasoma sheria, nimekirudia kifungu hicho mara nyingi: mzigo umewekwa mabegani mwa mzazi au mlezi. Ukienda kwenye Katiba kutafuta wajibu wa dola, ibara ya 11 inagusia ustawi wa jamii wakati wa maradhi, kisha ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuisimamia. Mkono mmoja unatoa, mwingine unapokonya. Tunabaki na ibara ya 14, haki ya kuishi, na kubishana mahakamani kama inabeba na sindano. Ndiyo maana tunadai Katiba Mpya itakayoitaja haki ya afya waziwazi. Anayesema Katiba hailiwi akamwambie hivyo mzazi ambaye mtoto wake ameng'atwa jana.

Wala hatusubiri Katiba kuanza kudai. Kifungu cha 94 cha Sheria hiyo hiyo ya Mtoto kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Na njia inajulikana: mbwa wakichanjwa asilimia 70, ugonjwa unakata. Pemba waliutokomeza, ukarudi mwaka 2016, wakachanja mbwa tena, ukaisha 2018. Jirani zetu wa Serengeti, mkoani Mara, mbwa wamechanjwa na ugonjwa umefuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo ukirudi kila mara, usimlaumu mbwa. Tulilegea sisi, au tuseme kweli, bajeti ililegea. Mbwa hana maziwa ya kuuza wala nyama ya kutoza ushuru, hivyo anasahaulika hadi ang'ate mtoto.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, chanjo iwe bure kwa kila mtoto chini ya miaka 18 aliyeng'atwa, na iingie kwenye kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Pili, ifike vituo vya afya vya visiwani. Tangu 2018 WHO imependekeza utaratibu wa kuchoma ndani ya ngozi, mahudhurio matatu ndani ya wiki moja, unaotumia dawa kidogo zaidi. Tatu, kila halmashauri itenge fedha za kuchanja mbwa kila mwaka. Wasituambie hela hakuna, wakati Abuja mwaka 2001 nchi za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya.

Kazi yetu vijana ni hii. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri yako, kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Uliza: dozi ngapi zipo leo? Mwaka jana ziliisha kwa siku ngapi? Mbwa wangapi wamechanjwa? Ana siku 30 za kukujibu. Majibu hayo mpe diwani ayapeleke barazani kabla bajeti mpya haijaanza tarehe 1 Julai.

Na wakati barua inasubiri majibu, waambie watu mtaani: akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Sio kesho, sio baada ya kuona kama mbwa atakufa.