Rimoti za Flashi: Tuache Kununua Umbali

Leo tuweke kompyuta pembeni kidogo tuzungumze juu ya flashi za studio. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si kupiga picha. Lakini ukikaa Donholm na watu wakajua umesomea kompyuta, basi kila kitu chenye betri ni chako kukitengeneza! Ndivyo rimoti za flashi za jirani yangu mwenye studio zilivyofika mezani kwangu, na tangu hapo nina neno la kusema.

Studio nyingi za mtaani, hapa Donholm kama kule Umoja na Buruburu, ni chumba kimoja cha kupanga. Siku hizi kila mteja ana kamera kwenye simu. Kinachomfanya atoe pesa ni taa: ule mwanga laini usoni ambao simu haiwezi kumpa. Kwa hiyo taa isipowaka, mwenye studio hana kitu cha kuuza. Na kuna wateja ambao hawarudii. Mtoto wa miezi mitatu akishalala amelala. Aliyekodi joho la mahafali analirudisha jioni ile ile.

Sasa nenda dukani ukaulize rimoti. Muuzaji atakuonyesha boksi: "Hii inafika mita 100." Nauliza, nani mwenye studio ya mita 100 hapa Eastlands? Kamera na taa vimeachana kwa mita tano hivi. Maoni yangu ni haya: umbali ndio kipimo cha bure kuliko vyote kwenye boksi lile, na vile viwili vyenye maana, yaani inachelewa kiasi gani na inakosa mara ngapi, huwa havikuandikwa.

Tuanze na kuchelewa. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo mita tano yanazimaliza kwa nanosekunde 17 tu. Njia si tatizo. Kuchelewa kunatoka ndani ya vifaa vyenyewe: kitumaji kinaamka usingizini, kinapanga ujumbe, kipokezi kinausoma, kinahakikisha namba ya chaneli, ndipo kinawasha flashi.

Je, milisekunde moja ina uzito gani? Kwa wengi wetu haina, kwa kamera inao. Kasi ya 1/200 ni milisekunde 5. Ndani ya muda huo pazia la kwanza la shata linafunguka na la pili linafuata kufunga. Tuseme kila pazia linatumia milisekunde 3.5 kuvuka. Basi sensa nzima iko wazi kwa milisekunde 1.5 tu, na flashi yote lazima iwake humo. Rimoti ikichelewa, unapata mstari mweusi pembeni mwa picha.

Shusha kasi hadi 1/125, ambayo ni milisekunde 8, na nafasi inakuwa milisekunde 4.5. Hiyo ni mara tatu, na hujatoa hata shilingi! Ndani ya studio mwanga mwingi unatoka kwenye flashi yenyewe, kwa hiyo picha haitaonekana tofauti. Nawashangaa wanaobadilisha rimoti kabla ya kubadilisha namba hiyo moja.

Sasa tuje kwenye kukosa. Wale wa mitandao mnajua tofauti ya TCP na UDP. Kwa TCP, pakiti ikipotea inatumwa tena, na barua pepe yako ikichelewa nusu sekunde hakuna anayelia. Flashi haina bahati hiyo. Ishara iliyofika milisekunde 20 baadaye inawasha taa wakati pazia limeshafungwa. Ndiyo maana wastani haunisaidii kitu. Nataka kujua siku mbaya kabisa ya rimoti hii ikoje.

Halafu hesabu ya kuzidisha. Tuseme kila kipokezi kinafaulu mara 99 kwa 100. Inapendeza. Lakini una taa tatu, na zote lazima ziwake pamoja: 0.99 mara 0.99 mara 0.99 ni 0.97. Katika picha 300 za familia moja, picha 9 zina taa pungufu. Kila kipokezi kikiwa cha asilimia 98, zinafika 18 hivi.

Na mazingira yetu ni magumu. Rimoti nyingi za sasa zinatumia gigahezi 2.4, na humo humo zimo ruta za waifai, Bluetooth na maikrowevu. Kwa waifai ya gigahezi 2.4, chaneli ambazo kwa kawaida hutumika bila kuingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Jaza ghorofa nzima ruta, kila nyumba yake, halafu uone. Zile za zamani za megahezi 433 nazo zinagawana hewa na rimoti nyingi za mageti na funguo za magari. Tena zile za bei nafuu zilikuja na chaneli chache sana, kwa hiyo studio mbili za jengo moja zinaweza kuwashiana taa bila kujuana. Na ukiagiziwa PocketWizard na ndugu aliye Marekani, jua kwamba zile za soko la kule zinatumia megahezi zilizo karibu na 344, wakati za Ulaya zinatumia 433. Haziongei pamoja.

Kabla ya kulaumu rimoti, soma picha yenyewe. Ikiwa nyeusi yote, ishara haikufika: badilisha betri, hamisha chaneli, toa kipokezi nyuma ya chuma cha flashi. Ikiwa na mstari mweusi, ishara ilichelewa: shusha kasi ya shata. Ikiwa imefifia yote sawasawa, huenda flashi haikuwa imejaa na rimoti haina kosa: subiri taa ijae.

Rai yangu basi. Kwa studio ya chumba kimoja, unganisha taa moja na kamera kwa waya, na nyingine ziwashwe na jicho la mwanga, ambalo flashi nyingi za studio huja nalo. Jicho hilo halijui waifai wala geti, na katika chumba kidogo mwanga unarudi toka kila ukuta. Hata ukibaki na rimoti, weka kipokezi kimoja tu. Mnyororo wa asilimia 97 unarudi kuwa karibu 99.

Najua mtakachosema. Waya unakwaza watoto, na mpiga picha hawezi kuzunguka. Kweli, na kwa harusi ya nje sitakubishia, nunua rimoti nzuri. Na flashi za zamani sana zingine zina volti zaidi ya 200 kwenye mguu wake, zinaweza kuua kamera ya kisasa, kwa hiyo pima kwanza kabla ya kuchomeka waya. Jicho nalo litadanganywa na flashi ya mgeni mwenye kamera, na pia na ile mimweko ya awali ya kamera yako usipoizima. Hayo yote unayaona kwa macho na kuyarekebisha. Pakiti iliyopotea hewani huioni.

Siku ukienda Luthuli kununua, usiulize mita. Omba uijaribu mara 50 mfululizo kwa kasi ya 1/200, kisha kagua picha moja moja. Ikikosa hata mara moja, mwombe akupe nyingine, maana ukifika nayo studio utapiga mara 300.

Tuonane tena.